Nywele za Manar, Msimu wa Tende

Ijumaa, 16 Mei. Ibra

Hazim amepita leo akitoka hospitali Muskat, na binti yake Manar kiti cha nyuma. Wamekula, wamesali, mtoto amekunywa dawa yake, wakashika njia ya kwao Sur. Manar ana miaka minane. Nywele zake sasa zina rangi ya nyasi kavu, nyusi pia. Kope, ukimtazama juani, huzioni kabisa.

Nimenunua daftari hili kwa sababu skuli zikifungwa Manar atakuja kukaa kwetu mpaka zifunguliwe. Mama yake, Shurooq, ni mja mzito na madaktari wamemwambia asisimame sana. Nyumba hii ya Ibra tunaishi wawili tu, mimi na mama yangu, Bi Khole. Mimi nimestaafu ualimu. Mama amestaafu kila kitu isipokuwa kusema. Hazim ni ndugu yangu wa mwisho. Nimempita miaka mingi kiasi cha kuwa nilimbeba mgongoni, na yeye ndiye msomi wa nyumba, mhandisi.

Naandika kwa Kiswahili, lugha tuliyotoka nayo Unguja. Kiarabu changu ni cha kazini; kila nikikiandika kinageuka ripoti.

Jumapili, 18 Mei

Habari yenyewe, ili ikae mahali pamoja.

Manar alikuwa anajigonga. Meza, mlango, bega la mtu, kila mara upande wa kushoto. Tukamwita mzembe. Alipofika miaka sita akapigwa picha ya kichwa, ukaonekana uvimbe pale neva za macho zinapokutana. Haukatiki wote bila kumpofua. Alichomwa sindano za dawa kali mwaka mzima na uvimbe ukaendelea kukua. Novemba akaanzishwa dawa mpya, ya kulenga: haipigi mwili mzima, inatafuta kosa moja ndani ya chembe za uvimbe na kulizima. Ni unga, unachanganywa na maji, mara moja kwa wiki. Picha ya Aprili ilionyesha uvimbe umepungua karibu nusu, na jicho la kushoto limeacha kufifia.

Nywele zilianza Januari. Kwanza tulidhani ni jua. Baadaye zikatoka za rangi ya mchanga tangu kwenye shina. Daktari, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, alitueleza kwamba shina la unywele hupata weusi wake kwa njia ile ile ambayo dawa inaifunga. "Dawa ikikoma, weusi utarudi. Si kabla."

Nikamwuliza, basi nywele ni dalili kwamba dawa inauweza uvimbe?

"Ni dalili kwamba dawa imo mwilini," akasema. "Uvimbe tunauuliza kwa picha."

Jibu hilo nililipenda. Mama hakulipenda. Kwa mama hilo ni jicho la mtu, jicho la hasidi, na dawa ndiyo iliyomfungulia mlango.

Alhamisi, 5 Juni

Manar amefika na begi moja la nguo na jengine la kofia. Mama yake amemnunulia kofia za kila rangi. Nimeziweka kabatini. Wifi yangu ni mtu wa Sur, wa mtaa wa Aija, hajui neno la Kiswahili na hajapata kulitaka. Ni mzuri wa sura na simu haimtoki mkononi. Sina la zaidi.

Ijumaa, 6 Juni. Idi

Nyama, wageni, joto. Mama ana desturi yake: kila Idi kubwa wajukuu husimamishwa kwenye nguzo ya baraza na kutiwa alama ya kalamu juu ya kichwa. Kaltham, mtoto wa binamu yetu, mdogo kwa Manar kwa mwaka mzima, amempita. Alama ya Manar imeangukia pale pale penye ile ya mwaka jana. Watoto wakacheka, na Manar akacheka nao.

Hazim alibaki pale nguzoni baada ya wengine kuingia ndani. Akapitisha kidole juu ya mstari.

"Kalamu ni nene," aliniambia. "Labda kakua kidogo."

Nikamwambia labda.

Alasiri akachanganya dawa jikoni, mama akampa mtoto. Hivi ndivyo ilivyopangwa kwa msimu wote: Hazim atakuja kila Ijumaa na chupa ya wiki, yeye atachanganya, bibi atanywesha, kwa sababu Manar hanywi kitu kichungu ila kwa mkono wa bibi yake.

Jumatatu, 9 Juni

Damu ya pua asubuhi. Kidogo. Ikasita.

Alhamisi, 12 Juni

Damu tena, shuka zima. Mama amesoma Ya-Sin. Mimi nimefua shuka. Nimempigia Hazim, akaniuliza mara mbili damu ilikuwa kiasi gani.

Jumatano, 18 Juni

Leo soko la wanawake. Nimewachukua wote wawili, mama na Manar. Manar hakutaka kofia, na mimi sikumlazimisha. Mwanamke anayeuza mafuta ya ufuta na vikuku akamtazama, akaniuliza kwa Kiarabu, kwa heshima kabisa, kama mama yake mtoto ni Mrusi.

"Mama yake ni wa Sur," nikasema.

"Na baba?"

"Ndugu yangu."

Akanitazama mimi, weusi wangu, akamtazama mtoto. Ile tabasamu naijua. Nimeiona tangu tulipofika nchi hii na watu kutuita wa Zanjibar hata tukiwa na nasaba ndefu kuliko yao. Mama akavuta mtandio wake mwenyewe amfunike mjukuu.

Manar akautoa. "Ni dawa, khala," akamwambia yule mwanamke. "Nina ugonjwa kichwani, na dawa inakula rangi." Alisema kama mtu aliyeulizwa saa. Yule mwanamke akampa kikuku bure. Mama amelia njia nzima, ameacha tulipofika kwenye vitunguu.

Ijumaa, 20 Juni

Dawa. Hazim amechoka, hakulala hapa.

Ijumaa, 27 Juni

Dawa. Gharbi inavuma, upepo kama wa mlango wa tanuri. Rutabu, tende laini za kwanza, zimetoka kwenye minazi yetu miwili ya mwisho. Nimekosea, nimeandika "minazi" nikikusudia mitende. Ndiyo joto hilo.

Jumanne, 1 Julai

Hakuna kitu.

Ijumaa, 4 Julai

Dawa. Manar amekunywa bila kukunja uso, na mama amemsifu: "Umekuwa mkubwa sasa."

Damu ya pua hamna tena. Ngozi ya mikono, iliyokuwa na vipele, imesafika. Anakula kama watu wawili. Hazim alimtazama akila, akaonekana mtu mwenye raha kwa mara ya kwanza tangu mwaka juzi.

Jumatano, 9 Julai

Shurooq hupiga simu ya picha kila siku baada ya magharibi. Na kila siku maswali yale yale. Manar kakaa wapi kutazama katuni? Kamwaga kitu leo? Akishuka ngazi anashika ukuta? Najibu kwa ufupi. Leo nimemwambia, "Wifi, mtoto mzima, lala upumzike." Akasema ahsante, akakata.

Kuna watu ambao mahaba yao ni kuuliza.

Ijumaa, 11 Julai

Dawa.

Jumatatu, 14 Julai

Msimu wa kuchemsha mabsali, tende za manjano ambazo hazingojwi ziive zenyewe. Tumekwenda shambani kwa jamaa zetu njia ya Mudhaibi. Masufuria ya shaba, moto wa makuti, moshi. Tende zinatoka zinang'aa, zinamwagwa juani zikauke. Manar amefurahi. Amekanyaga katikati ya tende zilizoanikwa, upande wa kushoto wa njia, kama hakuziona. Mwenye shamba amecheka. Nywele za Manar na zile tende zilikuwa rangi moja, kila mtu akataka kumpiga picha.

Ijumaa, 18 Julai. Dawa.

Ijumaa, 25 Julai. Dawa. Umeme ulikatika saa nzima. Tumekaa sebuleni miguu ndani ya beseni la maji.

Jumapili, 3 Agosti

Manar amemimina chai nje ya kikombe. Chai yote, mpaka mezani, huku akinieleza habari ya mwalimu wake. Nikamkemea kwa kutokuwa makini. Akaomba radhi, akaleta kitambaa.

Jioni Shurooq akauliza, kamwaga kitu leo? Nikasema hapana. Sikutaka maneno.

Jumamosi, 9 Agosti

Shurooq amejifungua mtoto wa kiume, Yaarub. Wote wazima. Yupo kwa mama yake Aija. Hazim amelia kwenye simu. Mama amepiga vigelegele peke yake sebuleni, na majirani wamekuja kuuliza kuna nini.

Ijumaa, 15 Agosti

Baada ya kumwogesha Manar nimemkalisha nimtie mafuta ya nazi na kumsuka. Nilipopasua njia ya katikati nikaona weusi. Chini kabisa, kwenye ngozi, kila unywele una shina jeusi, urefu wa punje ya mchele, kisha ndipo inapoanza rangi ya mchanga. Nikapasua pengine. Kila mahali.

Nikamwita mama. Akavaa miwani, akaangalia, akavua miwani, akaangalia tena.

"Alhamdulillahi! Zinarudi! Badriya, zinarudi!" Akambusu mtoto utosini. "Nilisema mimi. Kisomo kimefanya kazi."

Manar akakimbilia kioo. "Nywele yangu inakuwa nyeusi? Kama ya Kaltham?" Kiswahili chake cha Sur, kila kitu ni "inakuwa".

Hazim alifika saa ya chakula, mama akamvuta amwonyeshe. Alitazama kichwa cha mwanawe muda mrefu. Akasema "Mashallah," akaingia jikoni kuchanganya dawa.

Na mimi nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Nilifurahi mpaka nilipokuwa naosha mikono mafuta.

Jumapili, 17 Agosti

Daktari alisema: dawa ikikoma. Si kabla.

Nimempigia muuguzi wa kliniki yao, kijana mpole anayejua jina la kila mtoto. Nikamweleza.

"Amekosa dozi?"

"Hata moja. Mbele ya macho yangu."

Akauliza vipele, damu ya pua. Nikamwambia hakuna hata kimoja tangu mwezi wa sita. Nilikuwa naisema kama habari njema, na nikaisikia ikigeuka mdomoni.

"Miadi yenu ni Septemba," akasema. "Nitawasogeza. Njooni tarehe ishirini na saba."

Jumatatu, 18 Agosti

Mama anaamini ni jicho. Mama hakuitaka dawa tangu mwanzo. Mama ndiye anayeshika kikombe. Nilikaa na hayo usiku na mchana kama mwalimu anayejua nani kaiba chaki. Baada ya adhuhuri nikamfuata chumbani.

"Mama, dawa ya Manar, unampa yote?"

"Yote vipi?"

"Humwagi?"

Alikuwa anakunja khanga. Akaiweka chini.

"Unaniuliza mimi?"

"Wewe ndiye usiyeitaka. Weusi usingerudi kama mtoto angekuwa anaipata."

"Sijaitaka, ndiyo. Mtoto kawa kama mzuka, niseme naitaka? Lakini Hazim ananipa kikombe mkononi, nami namnywesha kwa bismillahi mpaka tone la mwisho, nasuuza kwa maji, namnywesha na yale maji." Sauti yake haikupanda. "Nimezika watoto wawili Unguja, Badriya. Kabla hujazaliwa wewe. Kwa kukosa dawa. Mimi nimwage dawa?"

Sikujua habari ya wawili. Nilijua mmoja tu.

Alinigeuzia mgongo, akaichukua khanga tena.

Alhamisi, 21 Agosti

Mama hasemi nami. Nyumba imekuwa kubwa.

Kama si mama, kabla ya mama kuna mkono mmoja tu. Nimejizuia kuliandika tangu Jumatatu. Sasa nimeliandika.

Ijumaa, 22 Agosti

Nilikaa jikoni kabla hajaingia, nakata vitunguu ambavyo mchuzi haukuvihitaji. Hazim akaja na mfuko wake. Alishtuka kidogo kunikuta, akanisalimu, akageukia beseni. Nilimwona akitoa chupa ya dawa. Kifuniko chake kilikuwa kimeshavunjwa zamani. Kisha akatoa chupa nyengine, sharubati nyekundu ya watoto, ile inayouzwa kila duka, akamimina ndani yake, akatia maji, akatikisa. Alitikisa vizuri, kama anavyotakiwa.

"Nipe nionje," nikasema.

"Dada, hii dawa."

"Nipe nionje, Hazim."

Akaiweka chini. Hakunipa, wala hakunizuia. Nikaionja. Ilikuwa sukari.

"Toka lini?"

"Baada ya Idi."

Alikaa juu ya mtungi wa gesi kama alivyokuwa akikaa mdogo akisubiri nimalize kupika. Nywele zake mwenyewe zina mvi, sikuwa nimeziona.

"Hakui, dada. Mwaka mzima, hata upana wa ukucha. Anatokwa damu, ngozi inamchubuka, kichwa kimekuwa cha ajuza. Tulikwenda Ashkhara Aprili kununua samaki, mzee mmoja akaniuliza mbele yake, huyu mtoto wa nani. Picha imesema uvimbe umepungua nusu. Nikajiambia, khalas, kazi imefanyika, zima mashine. Tumpumzishe kidogo. Na umeona mwenyewe, kanawiri!"

"Ulimwuliza daktari?"

"Nimwulize nini, jibu lake nalijua."

"Shurooq anajua?"

Akatikisa kichwa.

"Anamwaga chai nje ya kikombe, Hazim."

Hakuelewa kwanza. Nikamweleza: chai, tende za Mudhaibi, jinsi anavyogeuza shingo akitazama televisheni. Nilikuwa nayo yote, siku kwa siku, na nilikuwa nimeyaona kila moja peke yake. Akaziba uso kwa viganja.

"Chupa za kweli ziko wapi?"

"Ofisini, kabatini. Sikutupa hata moja. Nisingeweza kuzitupa."

Niliendelea kukata vitunguu. Nilimwambia atakwenda kumwambia mkewe yeye mwenyewe, kabla ya hospitali, na kama hawezi nitamwambia mimi. Akaniomba niende naye. Nikakubali.

Mama alikuwa mlangoni. Sijui toka saa ngapi. Aliingia, akaichukua ile chupa ya sharubati, akaimimina yote kwenye beseni, akamwambia mwanawe, "Nenda ukasali." Hilo tu. Baadaye, nilipomwomba radhi, akaniambia amekwishanisamehe tangu Jumanne, ila alitaka nikae na maneno yangu.

Jumapili, 24 Agosti. Sur

Nyumba ya mama yake Shurooq iko Aija, ng'ambo ya daraja, ya zamani, yenye mlango mzito. Shurooq alikuwa kitandani, mtoto ubavuni. Mama yake akatoka kutuletea kahawa, na Hazim akasema kabla haijafika. Alisimama wima. Hakujitetea, hayo ya mtoto hakui na mzee wa Ashkhara hakuyataja hata moja.

Nilingoja kelele. Nilikuwa nimejiandaa kumtuliza.

Shurooq alimtazama mumewe mpaka mwisho, kisha akanigeukia mimi.

"Nilipokuuliza anakaa wapi kutazama katuni. Alikuwa anakaa wapi?"

Nikasema, kushoto kabisa, pembeni ya kabati, na anageuza shingo.

"Na kumwaga?"

"Amemwaga," nikasema. "Nilikuficha."

Akaitikia kwa kichwa, pole pole, kama mtu anayepokea hesabu aliyokwisha kuipiga mwenyewe. "Daktari alinifundisha hayo maswali. Alisema kama jicho litaanza kurudi nyuma, nyumbani ndiko kutakakojua mwanzo. Kila siku nikiuliza, na majibu yenu yote mazuri, na moyo wangu unakataa. Wakaniambia ni wasiwasi wa uzazi. Mama kaniambia. Yeye kaniambia." Hakumtazama Hazim. "Na wewe uliniambia nilale."

Kwa miaka kumi nimemwita mwanamke wa simu. Ile simu ilikuwa ndiyo kipimo.

Alisema Jumatano atakwenda Muskat na sisi. Mama yake, akiingia na sinia la kahawa, akasema hana hata siku ishirini tangu kujifungua, hatoki nyumbani. Shurooq akamwambia, "Basi nitatoka arubaini haijatimia."

Kwa Hazim hakusema neno, ingawa Hazim alikaa nasi mpaka jioni.

Jumatano, 27 Agosti. Muskat

Kupimwa macho, kisha picha, kisha kungoja. Manar alichora. Yaarub alinyonya. Shurooq aliketi kwenye kiti kigumu na kila akigeuka aliuma midomo kwa maumivu, lakini hakutaka kulala.

Hazim alimwambia daktari yeye mwenyewe, kwanza kabisa, kabla ya kuulizwa. Daktari alimsikiliza na mikono yake mezani.

Uvimbe umeanza kukua tena. Si sana, haujafika ulipokuwa kabla ya dawa. Jicho la kulia salama. La kushoto limepoteza, na kilichopotea huenda kisirudi. Dawa ianze tena, na yumkini itashika kama mwanzo, kwa sababu uvimbe haukuikataa, ulinyimwa.

"Nilikuwa namwona hakui," Hazim akasema. Ni mara ya kwanza kulitaja tangu jikoni.

"Najua hakui. Tunampima kila mara. Dawa hii hupunguza urefu, na watoto wengi huufidia ikishasimamishwa. Kwa damu ya pua na ngozi ningeweza kupunguza dozi, au kumpumzisha wiki mbili, kwa mpango, na macho yakiangaliwa." Hakusema kwa ukali. "Ungeniuliza, ningekwambia."

Hazim aliniambia jikoni kwamba jibu analijua. Hili hakulijua. Nilimwona akilipokea, na nisingependa kumwona tena mtu ninayempenda akipokea kitu kama hicho.

Ukumbini Manar aliuliza kama nywele zitakuwa za mchanga tena. Mama yake akasema ndiyo.

"Za juu nyeupe, katikati nyeusi, chini nyeupe?"

"Mstari mmoja mweusi, ndiyo. Utashuka pole pole mpaka utakatwa."

Manar akafikiri. "Kama punda milia," akasema, akarudi kuchora.

Ijumaa, 29 Agosti. Ibra

Wamelala hapa tangu Jumatano, wote wanne. Keshokutwa skuli zinafunguliwa na leo jioni wanarudi Sur. Mwalimu wake ameshaambiwa amweke mbele, upande wa kushoto, ubao uwe kuliani kwake.

Alasiri Shurooq alichanganya dawa. Hazim aliileta kutoka ofisini kwake, kifuniko kizima, akampa mkononi. Wamekuwa wakisemeshana tangu jana: maziwa ya mtoto, gari, mafuta. Zaidi ya hapo sikusikia, na sikutegea. Mama alikuwa amempakata Yaarub, kwa hiyo kikombe alikishika Shurooq. Nilidhani Manar atakataa. Hakukataa. Alikunywa, akakunja uso mzima, akatoa ulimi.

"Hii ndiyo yenyewe," akamwambia bibi yake kwa Kiswahili. "Ile ya baba ilikuwa tamu."

Tukatazamana wote tunaokijua Kiswahili.

"Ulijua?" nikamwuliza.

"Kitambo. Ile ya zamani inauma ulimi. Ya baba haiumi."

"Mbona hukusema, mwanangu?"

Alifuta mdomo kwa mkono. Ilionekana ni swali rahisi kwake.

"Nilidhani nimepona. Nilidhani mnanificha, mpaka siku ya kufungua skuli, ndiyo mtaniambia."

Shurooq alikuwa bado ameshika kikombe. Alitutazama mmoja mmoja, mama, mimi, Hazim.

"Anasema nini?" akauliza kwa Kiarabu.

Mama akainama juu ya mtoto mchanga. Mimi nilianza kupangusa meza iliyokuwa safi. Hazim ndiye aliyemfasiria, neno kwa neno, mpaka mwisho.